Marehemu Aje Mwenyewe

Iko nchi moja, na jina lake msiniulize. Si kwamba silijui. Nalijua vizuri, kitovu changu kimezikwa humo. Ila siku hizi kulitamka kunahitaji kibali, na mwenye kutoa kibali yuko safarini. Basi tuiite nchi tu, na mwenye kwao atapajua.

Katika nchi hiyo palikuwa na Kampuni ya Taifa ya Chumvi, nayo msiione hivi hivi. Chumvi yote ya raia, ya mboga za maskini na ya pilau la harusi za wakubwa, ilitoka kwenye maghala yake. Maghala yenyewe yalikuwa ya kisasa: hayana kufuli wala makomeo, milango inafunguliwa na kompyuta, na kompyuta inafunguliwa kwa nywila. Kila mfanyakazi alikuwa na nywila yake. Na kwa kuwa nchi ile inapenda sana umoja, nywila zote ziliandikwa kwa chaki ukutani, pale karibu na mtungi wa maji, ili anayekwenda kunywa aione ya mwenzake na asijihisi mpweke.

Mambo yakaenda kwa amani mpaka siku mtu asiyejulikana alipoingia kwa nywila ya Mkurugenzi Mkuu, akawatumia wafanyakazi wote ujumbe mfupi: "Leo fanyeni kazi." Lo! Watu wakafanya. Magari ya chumvi yakaondoka asubuhi, simu zikapokelewa, hata lile dirisha la malalamiko likafunguliwa, vumbi likamwangukia mlalamikaji. Serikali ikashtuka, kwa sababu ilikuwa dhahiri kwamba kampuni imeingiliwa na adui. Likatoka agizo kutoka juu: itafutwe programu ya kutunza nywila, ya kisasa, yenye kulingana na hadhi ya Taifa.

Habari hizi Magembe alizipata nyumbani, akila ugali. Yeye hakuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa seremala, anatengeneza vitanda, mtu mrefu wa maneno machache. Maneno ya nyumba ile yote alikuwa nayo mkewe, Nyamizi, mkuu wa kompyuta pale kampuni ya chumvi. Nyamizi alikuwa na mdomo, jamani. Alikuwa akirudi jioni anavua viatu mlangoni, na kabla kiatu cha pili hakijagusa sakafu, Magembe keshajua nani kazini kasema nini na Nyamizi kamjibu vipi.

"Kamati imerudi safari," Nyamizi alimwambia. "Wamekwenda Ulaya kuona nywila za wenzetu zinalalaje."

"Zinalalaje?"

"Hawakuziona. Ila wamerudi na makoti."

Kisha akamweleza yeye alichopendekeza kwenye kikao. Programu nyepesi, isiyo na makuu. Kila mfanyakazi anaweka nywila zake humo ndani, zinahifadhiwa, hakuna chaki wala mtungi. Halafu iko nywila moja inayofungua zote, nywila mama, na hiyo wapewe watu watatu, ili mmoja akifa wawili wawepo.

Mkurugenzi Mkuu, Mheshimiwa Daktari Ngwanda, alikuwa anasinzia. Akafumbua macho. "Umesema akifa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Watu hufa."

Kikao kizima kikainama. Nyamizi alikuwa amesahau, au alijifanya amesahau, Waraka wa Matumaini. Waraka ule ulipiga marufuku mtumishi yeyote wa umma kupanga jambo lolote kwa kuzingatia kifo. Katika nchi ile mtumishi anastaafu, anahamishwa, au anakumbukwa daima. Kufa ni mambo ya raia wa kawaida.

"Bi Nyamizi," Daktari Ngwanda alisema kwa huzuni kubwa, "sisi hapa tunajenga. Wewe unachimba kaburi."

Kwa hiyo wakachagua programu nyingine, iitwayo Sanduku la Milele. Muuzaji wake alikuja na viatu vinavyong'aa, akaapa kwamba Sanduku hilo halifunguliwi na mwizi, wala jini, wala polisi. Linafunguliwa na mwenyewe tu, aje kwa miguu yake, na uso wake, na kidole chake. Na asipokuja? Hakuna aliyeuliza. Kamati iliuliza swali moja, kama Sanduku linapatikana kwa rangi za bendera. Likawa linapatikana. Likanunuliwa hapo hapo, na makofi yakapigwa.

Ikabaki kumpata wa kuishika nywila mama. Hapo kila mjumbe akakumbuka ana shangazi mgonjwa. Mkurugenzi Mkuu alisema angependa sana lakini cheo chake hakimruhusu kujua mambo. Naibu wake alisema angependa pia lakini yeye husahau hata watoto wake. Mwisho wakampa Nyamizi, kwa heshima ya kina mama wa Taifa, na kama adhabu.

"Magembe mume wangu," alisema siku hiyo akiingia karakana, akaketi juu ya kitanda ambacho hakijapigwa msasa, "nimeolewa tena."

"Na nani?"

"Na sanduku. Nalo lina wivu kuliko wewe, halitaki kuguswa na mtu mwingine."

Magembe akacheka mpaka akaangusha randa.

Kisha Nyamizi akafa.

Wala msitafute mzaha hapo, haupo. Aliamka na kichwa kinauma, akasema leo siendi kazini. Mchana homa ikapanda, gari la hospitali likaitwa, likasema linakuja. Magembe alikuwa amekaa pembeni mwa kitanda alichokitengeneza kwa mikono yake, anamtazama. Nyamizi akafumbua macho akasema, "Nipe maji. Na usiniangalie hivyo, utanichekesha." Magembe akaenda kusuuza kikombe. Aliporudi na maji, mkewe hayupo tena. Akasimama na kile kikombe mpaka jirani akaja kumpokonya.

Mwili ukapelekwa hospitali. Turubai likafungwa uani, majamvi yakatandikwa, kina mama wakaja na masufuria yao. Magembe akaingia karakana kutengeneza jeneza, maana aliona haya mkewe azikwe katika ubao wa mtu mwingine. Alitaka jambo moja tu: ampeleke Mlimani kwao, amlaze kando ya mtoto wao. Jambo dogo, hata nchi ile ilikuwa imewahi kuliruhusu.

Msafara wa kampuni ukafika na shada la maua la plastiki. Daktari Ngwanda akavua kofia, akakaa kwenye kiti alichokuja nacho.

"Pole sana, Bwana Magembe. Taifa zima linalia nawe. Sasa, marehemu aliacha neno?"

Magembe alishikwa na uchungu wa shukrani. Kumbe wakubwa nao ni watu! Akamweleza lile la maji, na lile la usiniangalie hivyo. Alipoinua macho aliona karani aliyefuatana na Mkurugenzi amefungua kompyuta mapajani, anaandika.

"Nipemaji," karani alisoma. "Limekataliwa."

"Jaribu usiniangalie," Mkurugenzi alisema. "Pole sana, Bwana Magembe. Unajua maghala yamejifunga tangu alipokosa kuja kazini. Sanduku linamtaka mwenyewe. Tunakisia tu. Mkiwa wawili, alikuwa akikuitaje?"

Wakwe walikuwepo. Wazee wa ukoo walikuwepo. Magembe akatazama chini.

"Gogo," alisema.

"Naam?"

"Aliniita Gogo. Nikilala siamki."

Karani akaandika. Limekataliwa. Akaandika tena kwa herufi kubwa. Limekataliwa. Wakamuuliza wimbo aliokuwa akiuimba akipika, wakauandika, ukakataliwa. Wakamuuliza walionana wapi mara ya kwanza, naye akawaambia, kwenye foleni ya kiwanda cha mbao, na foleni hiyo nayo ikakataliwa. Kila kitu alichokuwa nacho Nyamizi kilitolewa kikawekwa mezani, na kila kitu mashine ikakitemea mate.

"Mtoto mnaye?"

"Alikuwepo. Hakukaa."

"Jina lake?"

Jina hilo Magembe na mkewe walikuwa hawalitaji. Walikuwa wakilizunguka, kama mtu anavyozunguka shimo uani kwake. Daktari Ngwanda alimkumbusha kwamba wagonjwa hospitalini wanahitaji chumvi.

"Kabula," Magembe alisema.

Karani akaandika. Akangoja. Akatikisa kichwa. Magembe akaona mtoto wake amekufa tena, safari hii mbele ya kamati.

Kesho yake alikwenda kuomba kibali cha maziko. Kibali katika nchi ile kilitolewa na Idara ya Uthibitisho wa Kuwepo, na aliyekuwa dirishani ni afisa mmoja anaitwa Lukiza, kijana nadhifu ambaye hakuwahi kumkosea mtu adabu maishani mwake. Alimpa pole, akampa kiti, akamnyima kibali.

"Mtumishi haondoki kazini bila makabidhiano, baba. Akiondoka bila kukabidhi, huo ni utoro. Na mtoro hazikwi kwa heshima ya jina lake mpaka shauri lake liishe."

"Amekufa, mwanangu."

"Sijasema hajafa. Nimesema hajakabidhi."

"Sasa atakabidhi vipi?"

Lukiza alifungua kitabu cha taratibu, akakisoma vizuri, maana alikuwa mtu mwadilifu. "Aje mwenyewe," alisema.

Chumvi ikaisha nchini. Watu wakala maharage yanayofanana na karatasi. Redioni waziri mmoja akaeleza kwamba chumvi ni tabia tuliyoachiwa na wakoloni, na kwamba kukosa ladha ndiyo ladha ya uzalendo. Hata pale msibani kwa Magembe chakula kilikuwa chapwa, na kina mama wakawa wanasema, ona maajabu, mtu wa chumvi kafa na msiba wake hauna chumvi. Jeneza lilikuwa limekwisha, limesimamishwa ukutani. Magembe akawa analipiga msasa upya kila asubuhi, kwa kukosa la kufanya.

Hapo ndipo akaja Sikudhani.

Watu wa Mlimani na watu wa Bondeni katika nchi ile ni watani, tangu babu wa babu. Mlimani akifiwa, Bondeni anakuja kufanya vituko. Anavaa nguo za marehemu, anatembea mwendo wake, anasema maneno yake, anawatukana wafiwa mpaka wacheke. Na mtani akishaingia kwenye nguo za marehemu, hatoki mpaka kaburi lifukiwe. Ukimuuliza wewe nani, atakwambia ni marehemu. Naye mfiwa hamkani. Kumkana mtani msibani ni kumfukuza marehemu nyumbani kwake, laana hiyo haiogewi. Serikali, kusema kweli, ilikwisha kuufuta utani kwa tangazo, kwa sababu ulikuwa unachelewesha maendeleo. Lakini watu hawakusikia lile tangazo, walikuwa wanacheka.

Sikudhani alikuwa mtu wa Bondeni, muuza dagaa wa mtaa ule ule. Yeye na Nyamizi walikuwa wakitukanana kila asubuhi kuvuka barabara, na siku mmoja wao hakutukanwa alikwenda kumwangalia mwenzake kama mzima. Siku hiyo aliingia uani amevaa suti ya bluu ya Nyamizi na miwani yake, mkoba kwapani, ule mwendo wa kuharakisha kama sakafu inaunguza.

"Magembe!" alipiga kelele. "Yaani nimekufa juzi tu, nyumba imekuwa banda! Hawa wote wanakula nini? Nani kawapa kikombe changu? Gogo wee, simama nikuone, umekonda, au ndiyo unatafuta mke?"

Turubai zima likaangua kicheko. Kina mama wakashika mbavu, wakawa wanalia na kucheka kwa pamoja, "Nyamizi! Nyamizi karudi! Ndiye huyo!" Magembe naye, ambaye tangu kile kikombe hakuwa amelia wala kucheka, alicheka. Alicheka kwa nguvu, na kicheko kikageuka humo humo kikawa kilio, na ulikuwa uzuri mkubwa kulia hivyo. Sikudhani akamfuata akamfuta machozi kwa mkono wa ile suti. "Usiniangalie hivyo," alimwambia, kwa sauti ile ile.

Na Lukiza alikuwa amesimama pale getini.

Alikuwa ametumwa akiwa na kijimashine cha kuchukua uso na kidole, kuhakikisha mara ya mwisho kama mtoro hajarudi. Akamwona mwanamke aliyevaa nguo za Nyamizi, nyumbani kwa Nyamizi, anaitwa Nyamizi na watu uani pote. Kijana wa watu alikuwa amezaliwa Bondeni, utani aliujua kuliko mimi. Lakini alikuwa kazini, na kazini utani umefutwa. Kitu kilichofutwa hakipo, na kitu kisichokuwepo afisa hawezi kukiona.

Akamsogelea. "Mama, wewe ni Nyamizi?"

Kicheko kikapungua. Sikudhani akamtazama Lukiza, akaitazama ile mashine. Wengine wanasema aliogopa. Lakini alikuwa ndani ya nguo za marehemu, na kaburi halijafukiwa.

"Kwani unamwona nani?" alisema. "Paka?"

Lukiza akamgeukia Magembe, kwa heshima zote. "Baba, huyu ndiye mkeo?"

Watu wote wakamtazama Magembe. Wazee wa Mlimani, wakwe, wote. Angesema nini, jamani? Aseme siye, amfukuze Nyamizi uani kwake mbele ya ukoo, na hata hajampeleka kwao? Tena machozi yalikuwa bado yanamtoka, na ile suti ilikuwa na harufu ya mkewe.

"Ndiye," alisema Magembe.

Uso ukachukuliwa. Kidole kikachukuliwa, na mashine, kwa kuwa mume ameshuhudia, ikaviandikisha upya kwa jina la Nyamizi. Upande wa pili wa mji, Sanduku la Milele likasema karibu tena, likaomba nywila mama mpya, na maghala yote ya nchi yakafunguka kwa mpigo. Jioni hiyo watu waliweka chumvi mpaka kwenye chai.

Asubuhi Magembe aliwahi dirishani, mapema kabla ya wenye foleni. Alikuwa na furaha ya namna yake. Makabidhiano si yamekwisha? Basi apewe kibali, jeneza lipo, gari la kukodi lipo, Mlimani wameanza kuchimba.

Lukiza alimpa kiti. "Kibali cha kumzika nani, baba?"

"Mke wangu. Nyamizi."

"Bi Nyamizi yu hai. Jana alithibitishwa, nawe mwenyewe ulikuwa shahidi. Hongera sana."

"Na aliyeko hospitali je?"

"Ndilo tunalotaka kukuuliza," Lukiza alisema kwa upole. "Una maiti ya mwanamke, unasema ni mkeo, na mkeo yuko nyumbani. Si jambo zuri, baba, kwa mtu wa makamo."

Magembe akaeleza. Akaeleza utani, akaeleza nguo, akaeleza laana. Lukiza alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamfafanulia, kidole juu ya kitabu, kwamba njia iko. Magembe aandike kuwa alisema uongo mbele ya mashine. Hapo yule mwanamke wa dagaa atafungwa kwa kujifanya mtumishi wa umma, Sanduku litajifunga tena, na Bi Nyamizi atarudi kuwa mtoro ambaye hajakabidhi. Na mtoro ambaye hajakabidhi, kama tulivyokwisha kuona, hazikwi kwa jina lake.

"Kwa hiyo nikisema kweli simziki, na nikisema uongo simziki."

"Kwa jina hilo," alisema Lukiza. "Mwili wowote wenye jina jingine unazikwa hata leo."

Magembe akampelekea shauri Mkurugenzi Mkuu. Daktari Ngwanda alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye zulia jipya, akatoa hotuba akiwa amesimama, ingawa walikuwa wawili tu chumbani.

"Bwana Magembe! Historia inakutazama! Upande huu, chumvi ya Taifa zima. Upande huu, jina la mwanamke mmoja. Tena jina lenyewe hujanyang'anywa, linaendelea kutumika, Jumatatu linaingia kazini! Ni wajane wangapi wamepata bahati hiyo? Wake wa wenzako wakifa wanakwenda na majina yao. Wako sisi tumemwokoa."

"Mheshimiwa," Magembe alisema, "yule Sikudhani hata kompyuta haijui."

"Si neno. Hapa atakuwa wa tano."

Alirudi nyumbani kwa miguu. Sikudhani alikuwa amekaa chini karakana, bado ndani ya ile suti ya bluu, miwani mkononi. Alikwisha kuletewa barua ya kumtaka aripoti. Alipomwona Magembe alifanya jambo ambalo mtani hafanyi msibani. Alilia.

"Nisamehe, mtani. Nilikuja kukuchekesha tu."

"Umenichekesha," Magembe alisema.

"Nitakwenda kusema. Wanifunge. Mimi siogopi kufungwa, jela wanakula dagaa za bure."

"Ukifungwa, yeye hazikwi vilevile. Nimeuliza."

Wakakaa. Upepo ukawa unaburuza maranda ya mbao sakafuni. Magembe akamweleza lile la jina jingine, si kwa kumwomba, alikuwa anasema tu yaliyomjaa. Alikuwa amechoka kiasi kwamba angemweleza hata mbuzi.

Sikudhani akapenga kamasi. "Basi waandike mimi."

"Nini?"

"Waandike aliyekufa ni Sikudhani wa Bondeni, muuza dagaa. Si wanataka jina? Langu zuri, halina deni. Mimi nina mama tu, naye nitakwenda kumwambia mwenyewe kwamba nimekufa, atanipiga na mwiko." Akajaribu kucheka, ikashindikana. "Mtani, alikuwa akinitukana kila siku ya Mungu. Sasa nitatukanwa na nani? Mchukue umpeleke kwao. Mpeleke na langu, kuliko aozee kwenye jokofu na la kwake."

Magembe alimkatalia. Kisha akamkatalia tena, kwa sauti ndogo. Kisha akaenda kulitoa jeneza nje.

Kibali kilipatikana siku ile ile, na Lukiza alifurahi kwa dhati kwamba shauri limekwisha bila mtu kuumia. Aliyekufa amekufa, aliye hai yu hai, idadi ya raia haijapungua wala haijazidi. Akaomba kufuatana na msafara hadi Mlimani, maana kwa mujibu wa taratibu kila mwili uliobadilishiwa maelezo lazima ushuhudiwe ukiingia ardhini.

Mlimani kulikuwa na jua. Kaburi lilikuwa tayari, kando ya lile dogo lililoota nyasi. Watu walikuwa wamekatazwa kulia kwa jina, wakawa wanalia bila jina, "Mama wee, mama wee," na kilio kama hicho kinamfaa yeyote. Lukiza, kwa sauti safi, akasoma: "Sikudhani, mfanyabiashara wa dagaa." Mama mkwe wa Magembe, aliyemzaa Nyamizi, akasikia jina la mtu mwingine likisomwa juu ya mwanawe. Akaziba masikio kwa upande wa kanga.

Jeneza likashushwa. Kisha ikafika ile desturi ya Mlimani: kabla ya udongo, aliye karibu zaidi na marehemu humwita kwa jina lake, ili walioko huko wajue ni nani anayekuja wampokee. Huitwa, na watu wote hunyamaza, kwa sababu anayeitwa ni mmoja na aliye hai haitikii.

Wazee wakamwashiria Magembe. Lukiza akasogea hatua mbele kusikia vizuri. Sikudhani alikuwa amesimama upande wa pili wa kaburi, ndani ya suti ya bluu, mkoba kwapani, miwani ya marehemu imejaa machozi mpaka haoni.

Magembe akainama. Alikuwa amejifunza njia nzima atakavyoita, akiuzoesha ulimi wake lile jina la Bondeni. Akafungua kinywa.

"Nyamizi!"

Lukiza alishtuka, akafungua kitabu chake. Kisha akakifunga, uso ukamnyooka. Hakuna kosa hapo. Mwanamume anamwita mkewe, na mkewe si huyu hapa amesimama? Ila mke mwenyewe hakujibu, na jambo hilo lilimsumbua, kwa kuwa alikuwa kijana mwenye adabu. Akazunguka kaburi taratibu mpaka alipokuwa Sikudhani.

"Nyamizi!" Magembe aliita tena.

"Mama," Lukiza alimnong'oneza Sikudhani, "mumeo anakuita. Mbona huitikii?"

Sikudhani hakumtazama. Alikuwa anatazama chini, kwenye ule ubao uliopigwa msasa mara nyingi.

"Nimemsikia," alisema. "Mwache aite."

Naye akaita, mpaka kaburi likajaa.